Karata Mbili za Mwanzo: Hesabu ya Kuingia na Kuacha katika Poka

Karata ni mchezo wa siku nyingi katika pwani ya Kilifi. Majina ya aina zake nne, yaani shupaza, kopa, uru na pau, yana asili ya Kireno, na Wareno walitia nanga Malindi kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili mwaka 1498. Hadi leo pakiti ya karata 52 haikosekani barazani wala mangweni, ikiwa pamoja na bao na dhumna, na wazee kwa vijana huichezea michezo mbalimbali ambayo kila mji una kanuni zake. Mmoja wa michezo hiyo vijana wa Kenya huuita poka, nao ni ule ambao mchezaji hujitahidi kumaliza karata zote mkononi na hutakiwa kutangaza kwamba yuko kadi kabla ya kumaliza. Makala haya hayauhusu mchezo huo. Yanahusu poka nyingine, iliyozaliwa katika jimbo la Texas nchini Marekani na kuenea duniani kwa jina la Texas Hold'em, ambayo kwa sasa mtu wa Watamu au Mtwapa anaweza kuikuta kwenye simu yake, na ambayo huchezwa pia katika kasino. Malindi yenyewe, mji uliofungamana na Waitaliano tangu enzi za mradi wa anga wa San Marco, uliorusha setilaiti yake ya kwanza kutoka Ngomeni mwaka 1967, ni miongoni mwa miji ya Kenya iliyopata kuwa na kasino.

Jambo linalostahili kuelezwa kwa kina katika mchezo huu ni uamuzi wake wa kwanza. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na kabla karata nyingine yoyote haijafunuliwa mezani hutakiwa kuamua kama ataingia au ataacha. Uamuzi huo hujirudia katika kila mgao, usiku kucha, na kwa hiyo kosa dogo linalofanyika hapo hujirudia nalo. Aidha, ndio uamuzi pekee katika mchezo mzima ambao mtu anaweza kuufanyia hesabu nyumbani kwa utulivu, akiwa na kalamu na karatasi, kabla hajaketi na wenzake. Hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa kuliko somo la uwezekano linalofundishwa katika shule za sekondari, na matokeo yake ni kwamba mchezaji wa busara huacha karata nyingi kuliko anazocheza, tena nyingi kwa mbali.

Jinsi mchezo unavyokwenda

Ili hesabu zieleweke, ni vyema kuuchukulia mchezo unaochezwa na watu 8 kwa komwe, zile mbegu za mkomwe zinazotumika katika bao, badala ya fedha. Kabla ya karata kugawanywa, watu wawili walioketi mara baada ya mgawaji hutoa dau la lazima, wa kwanza komwe 1 na wa pili komwe 2, ili mezani kuwe na kitu cha kugombaniwa. Kila mtu hupewa karata mbili za siri. Kuanzia mtu aliyeketi baada ya wale wawili, kila mmoja huchagua moja kati ya mambo matatu: kuacha, yaani kurudisha karata zake na kujitoa katika mgao huo, kufuata, yaani kutoa komwe 2 kama za dau la lazima, au kupandisha, yaani kuongeza dau ili wengine walazimike kutoa zaidi. Baada ya hapo hufunuliwa mezani karata tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na baada ya kila ufunuo huwa kuna awamu nyingine ya kuweka dau. Karata hizo tano za mezani ni za wote. Mwishoni kila aliyebaki huunda karata tano bora kutokana na saba, yaani mbili zake na tano za mezani, na mwenye bora kuliko wote huchukua fungu lote.

Ubora wa karata tano hupimwa kwa uadimu wake. Jozi, yaani karata mbili za thamani moja, huzidiwa na jozi mbili. Jozi mbili huzidiwa na tatu sawa. Tatu sawa huzidiwa na mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana kama vile tano, sita, saba, nane na tisa. Na mfululizo huzidiwa na karata tano za aina moja, kwa mfano tano za kopa. Juu ya hizo ziko tatu sawa zikiambatana na jozi, kisha nne sawa, na mwisho mfululizo ulio wa aina moja. Kwa thamani ya karata mojamoja, ree ndiyo kubwa, ikifuatwa na mfalme, malkia, ghulamu, kumi, na kuendelea hadi mbili.

Kuna namna kuu mbili za kuucheza mchezo huu. Katika namna isiyo na kikomo, mchezaji anaweza wakati wowote kuweka mezani kila alicho nacho. Katika namna ya dau lenye kiwango, ambayo ndiyo inayozungumziwa hapa, kila dau lina kipimo chake: katika awamu mbili za kwanza mtu huweka au huongeza komwe 2 tu kwa wakati mmoja, katika awamu mbili za mwisho huweka au huongeza komwe 4 tu, na kwa kawaida dau haliwezi kupandishwa zaidi ya mara tatu katika awamu moja. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua thamani ya karata mbili za mwanzo.

Idadi ya karata na uadimu wa zilizo nzuri

Karata mbili zinaweza kutoka katika pakiti ya karata 52 kwa njia 1,326. Kwa kuwa kabla ya karata za mezani kufunuliwa hakuna aina iliyo bora kuliko nyingine, njia hizo hukusanyika katika makundi 169 tu: jozi 13, michanganyiko 78 ya karata mbili tofauti za aina moja, na michanganyiko hiyohiyo 78 ikiwa ya aina mbili. Kila jozi hupatikana kwa njia 6, kila mchanganyiko wa aina moja kwa njia 4, na kila mchanganyiko wa aina mbili kwa njia 12. Kutokana na hesabu hiyo, mtu hupata jozi yoyote mara moja katika migao 17, na hupata ree mbili, ambazo ndizo karata bora kuliko zote, mara moja katika migao 221. Anayengoja ree mbili ndipo acheze atachoka, naye anayecheza kila anachopewa ataingia mara nyingi sana akiwa na karata zisizo na thamani.

Watafiti na waandishi wa mchezo huu wamejaribu kwa muda mrefu kuyapanga makundi hayo 169. David Sklansky alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu mchezo huu mwaka 1976, na mwaka 1988, akishirikiana na Mason Malmuth, alitoa kingine cha wachezaji waliobobea. Alizigawa karata zinazofaa kuchezwa katika matabaka manane, na katika tabaka la kwanza aliweka ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, maghulamu wawili, pamoja na ree na mfalme wa aina moja. Jedwali hilo liliwasaidia wengi, lakini lina hatari yake kwa mtu anayelikariri bila kujua sababu, kwa kuwa thamani ya karata mbili hubadilika kufuatana na idadi ya washindani, mahali mtu alipoketi, na yale ambayo wenzake wamekwisha kuyafanya.

Jambo linalowapotosha wanaoanza ni kwamba karata mbovu nazo hushinda. Saba na mbili za aina tofauti, ambazo huhesabiwa miongoni mwa karata duni kabisa, zikikabili karata zozote za mtu mmoja na mchezo ukaenda hadi karata ya tano, hushinda takriban mara 35 katika 100. Mtu aliyeshinda fungu kubwa kwa saba na mbili hulikumbuka fungu hilo mwaka mzima, wala hazikumbuki mara nyingi alizozitoa komwe mbilimbili bila kurudishiwa hata moja. Waswahili husema bahati haina kwao, na katika poka usemi huo una ushahidi wa hesabu: ushindi wa mgao mmoja hauthibitishi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi, wala hasara ya mgao mmoja haithibitishi kwamba ulikuwa kosa.

Kwa nini kiwango cha dau hubadilisha mambo

Ree mbili zikikabili mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100, lakini zikikabili watu tisa waliobaki wote hadi mwisho hushinda takriban mara 31 tu. Hata hivyo mara 31 katika 100 miongoni mwa watu kumi ni zaidi ya mara tatu ya fungu la haki la kila mtu, na kwa hiyo ree mbili hubaki kuwa karata za faida. Kinachobadilika ni kwamba mwenye nazo atashindwa mara nyingi kuliko atakavyoshinda, naye hana budi kuwa tayari kwa hilo.

Katika namna isiyo na kikomo, mwenye ree mbili anaweza kuweka dau kubwa kiasi kwamba anayengoja karata ya kumwokoa hulipa kupita faida yake. Katika dau lenye kiwango hana uwezo huo. Tuseme karata ya nne imekwisha kufunuliwa, mezani kuna komwe 16, na mwenye ree mbili ameweka dau la komwe 4. Mshindani wake ana karata nne za kopa, mbili mkononi na mbili mezani, na anahitaji ya tano. Kati ya karata 46 asizoziona, 9 ni za kopa na 37 si za kopa, kwa hiyo uwezekano wa kukosa ni takriban mara nne na kidogo ya uwezekano wa kupata. Lakini mezani sasa kuna komwe 20, naye anatakiwa kutoa 4, yaani malipo ni mara tano ya gharama. Kufuata ni sahihi kwake, na mwenye ree mbili hawezi kumzuia hata akitaka, kwa sababu kanuni haimruhusu kuweka zaidi ya komwe 4.

Kutokana na hali hiyo hupatikana kanuni mbili zinazokwenda sambamba. Jozi kubwa, na karata kubwa kama vile ree na mfalme za aina tofauti, hushinda zaidi washindani wakiwa wachache, na kwa hiyo mwenye nazo hupandisha dau mapema, kabla ya karata za mezani, ili walio na karata dhaifu waache au walipe maradufu. Kwa upande mwingine, karata zinazoweza kuzaa mfululizo au tano za aina moja, kama vile kumi na tisa za shupaza, hupenda umati na bei nafuu, kwa kuwa zinapofanikiwa hushinda kwa uhakika na hulipwa na wengi, nazo zisipofanikiwa huachwa mapema kwa gharama ndogo.

Mahali pa kuketi

Hakuna jambo ambalo wanaoanza hulidharau kama mahali walipoketi, ilhali ndilo linaloeleza kwa nini karata zilezile huchezwa saa moja na kuachwa saa nyingine. Mfano mzuri ni ree na tisa za aina tofauti, karata ambazo machoni pa wengi ni nzuri kwa sababu zina ree. Karata hizo zimezidiwa tangu mwanzo ikiwa mtu mwingine ana ree iliyoambatana na kumi, ghulamu, malkia au mfalme, au ana jozi ya tisa au iliyo juu yake. Mwenye ree na tisa akimkabili mwenye ree na mfalme hushinda takriban mara moja tu katika nne, kwa sababu ree ikitokea mezani huwafaa wote wawili, na karata ya pili ndiyo huamua. Tena hasara hiyo huja kwa siri, kwa kuwa anayeipata ree mezani huamini kwamba amefanikiwa, akaendelea kulipa hadi mwisho.

Hesabu ya hatari hiyo inaweza kufanywa na yeyote. Zimebaki karata 50, zinazoweza kutoa karata mbili kwa njia 1,225. Ree tatu zilizobaki zikiungana na kumi nne, maghulamu wanne, malkia wanne na wafalme wanne hutoa njia 48. Jozi za kumi, maghulamu, malkia na wafalme hutoa njia 24. Ree mbili hutoa njia 3, na tisa mbili njia 3. Jumla ni njia 78 katika 1,225, yaani zaidi kidogo ya 6 katika 100 kwa kila mshindani. Anayetangulia kuamua katika meza ya watu 8 ana washindani 7 ambao hawajasema neno, na kwa makadirio kuna uwezekano wa 37 katika 100 kwamba angalau mmoja wao amekwisha kumzidi. Lakini akiwa yeye ndiye mgawaji na wote waliomtangulia wameacha, wamebaki wawili tu wa dau la lazima, na uwezekano huo hushuka hadi takriban 12 katika 100. Karata ni zilezile, ila hatari imepungua mara tatu. Zaidi ya hayo, mgawaji huamua wa mwisho katika awamu zote zinazofuata, kwa hiyo huona wenzake wamefanya nini kabla ya kutoa komwe zake.

Kwa msingi huo orodha ya karata za kuchezwa hufupika kwa anayetangulia na hurefuka kwa anayefuata. Anayetangulia katika meza ya watu 8 hafanyi vibaya akijiwekea mpaka huu: jozi kuanzia tisa kwenda juu, ree ikiambatana na mfalme, malkia au ghulamu, na, zikiwa za aina moja tu, ree na kumi, mfalme na malkia, mfalme na ghulamu, au malkia na ghulamu. Orodha hiyo ina njia 100 kamili kati ya 1,326, maana yake ataingia takriban mara moja katika migao 13. Mgawaji ambaye wote wameacha mbele yake anaweza kupandisha dau kwa jozi yoyote, kwa ree yoyote, na kwa karata mbili zozote zilizo kuanzia kumi kwenda juu, ambazo kwa pamoja ni njia 366, zaidi kidogo ya robo ya zote. Katika hali hiyo ya mwisho ni vyema apandishe badala ya kufuata tu, kwa sababu washindani wawili waliobaki wanaweza wote kuacha, akachukua dau la lazima bila kugombana.

Jozi ndogo na mvuto wa aina moja

Jozi ndogo, kwa mfano nne mbili, huonyesha kwa uwazi jinsi idadi ya watu inavyoamua. Mwenye nne mbili anayeingia kwa kutafuta tatu sawa ataiona nne nyingine katika karata tatu za kwanza za mezani takriban mara 12 katika 100, yaani hukosa mara saba na nusu kwa kila mara moja anayopata. Akitoa komwe 2, anapaswa kurudishiwa komwe 15 kila anapofanikiwa ili asipate hasara. Ikiwa watu watano wengine wamefuata, mezani kuna komwe 10 zao, na komwe 5 zilizopungua hupatikana kwa urahisi katika awamu zinazofuata. Ikiwa mshindani ni mmoja tu, yule wa dau kubwa la lazima, na mwenye dau dogo ameacha, mezani kuna komwe 3 zao. Na mshindani huyo akifuata dau moja katika kila awamu hadi mwisho atatoa 2, kisha 4, kisha 4. Jumla ni komwe 13, nazo hazifiki 15. Ni kweli kwamba mbele ya mtu mmoja nne mbili zinaweza kushinda bila kuongezewa kitu, na ndiyo maana mgawaji huweza kupandisha nazo. Lakini anayeingia mapema, akingojea tatu sawa peke yake, hana hesabu ya kumtetea.

Mvuto mwingine ni wa karata za aina moja. Wachezaji wengi huingia na mfalme na tatu za uru kwa sababu tu zote ni uru, na hapo hesabu ni kali. Karata mbili za aina moja hukamilisha tano za aina moja katika karata tatu za kwanza za mezani kwa chini ya mara 1 katika 100, na hupata nne, zikabaki kungojea ya tano, takriban mara 11 katika 100. Mara nyingine zote, ambazo ni takriban 88 katika 100, kuwa za aina moja hakujasaidia chochote kinachohitaji kulipiwa. Kwa jumla, kuwa za aina moja huongeza uwezo wa kushinda kwa sehemu mbili au tatu tu katika 100. Nyongeza hiyo hutosha kuzifanya malkia na ghulamu, ambazo tayari ni nzuri, zichezwe mahali ambapo zingeachwa, lakini haitoshi kuziinua karata zilizo mbovu kwa asili.

Hata karata nzuri zisizo jozi hukosa mara nyingi. Ree na mfalme hupata angalau jozi moja katika karata tatu za kwanza takriban mara 32 katika 100, yaani mara mbili katika tatu hazipati kitu. Anayelijua hilo hataona aibu kuacha ree na mfalme pale meza inapoonyesha dalili za hatari, kwa kuwa kuingia vizuri hakumlazimishi mtu kukaa hadi mwisho.

Mashine iliyojifunza kwa majuto

Mwezi wa Januari 2015 jarida la Science lilichapisha matokeo ya watafiti walioongozwa na Michael Bowling wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, yaliyoonyesha kwamba poka ya Texas yenye dau la kiwango, ikichezwa na watu wawili, imetatuliwa kwa ukaribu kiasi kwamba mtu angecheza maisha yake yote asiweze kuthibitisha kwamba anaishinda programu yao. Programu hiyo, iliyopewa jina la Cepheus, ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake katika kompyuta 200 zilizofanya kazi pamoja kwa zaidi ya miezi miwili. Njia yake ilikuwa kupima majuto: baada ya kila uamuzi ilihesabu ingepata nini kama ingefanya vingine, ikayakusanya majuto hayo, na mgao uliofuata ikaelekea kwenye uamuzi ambao kuuacha kulikuwa kumeleta majuto makubwa zaidi. Binadamu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mashine hiyo iliyapokea yakiwa bado mapema, ikayafanya mwalimu.

Mambo mawili katika matokeo hayo yanathibitisha yaliyokwisha kuelezwa. La kwanza ni kwamba mgawaji ana faida, hata akiwa na mshindani mmoja aliyekamilika kwa ustadi kama yeye. La pili ni kwamba mgawaji huyo, anapokuwa wa kwanza kuamua kabla ya karata za mezani, karibu kila mara hupandisha au huacha, na ni nadra mno kufuata tu. Programu hiyo hucheza karata nyingi kuliko orodha iliyotolewa hapo juu, lakini sababu yake ni kwamba ina mshindani mmoja. Anayeiga wingi huo katika meza ya watu 8 atakuwa amechukua jibu la swali jingine.

Fedha, sheria na dini

Haifai kueleza hesabu za poka katika pwani hii bila kutaja kamari. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika miji ya kale ya Malindi, Mambrui na Takaungu, maisiri, yaani kamari, imekatazwa katika Kurani, Sura ya Al-Maida, aya ya 90, na ustadi wa mchezaji hauihalalishi fedha iliyowekwa kama dau. Sheria ya Kenya kwa upande wake huruhusu kamari chini ya leseni na huwazuia walio chini ya miaka 18. Sheria ya mwaka 1966 iliyosimamia jambo hilo kwa miongo mingi ilifuatwa na Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025. Hesabu yenyewe nayo inatoa onyo lake. Katika mchezo wa gurudumu lenye nafasi 37, nyumba hubakiwa kwa wastani na takriban sehemu 2.7 ya kila shilingi 100 zinazochezwa, na hakuna uteuzi wowote wa namba unaoweza kuibadilisha sehemu hiyo. Poka hutofautiana kwa kuwa wachezaji hushindania komwe za wenzao, lakini kasino hukata ada yake katika kila fungu, na ada hiyo hutosha kuzigeuza karata za faida ndogo kuwa karata za hasara. Kwa hiyo hata mwenye kuchagua vizuri anaweza kuondoka mikono mitupu, naye asiyechagua ataondoka hivyo karibu kila mara.

Hakuna, hata hivyo, kinachozuia hesabu hizi kujifunzwa kwa komwe ambazo mwisho wa mchezo hurudishwa kikapuni zote, bila mtu kupata wala kupoteza mali. Mwalimu wa hisabati wa Kilifi au Malindi anayetafuta njia ya kulifanya somo la uwezekano lieleweke anaweza kuwaomba wanafunzi wake wahesabu zile njia 78 za ree na tisa, kisha wagawe karata mara mia na kulinganisha. Watagundua jambo ambalo lina faida nje ya mchezo, kwa mvuvi anayeamua kama ataingia baharini na kwa mfanyabiashara anayeamua kama atanunua shehena: uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana wakati wa kuamua, wala si kwa yale yaliyotokea baadaye. Atakayeketi kucheza poka ya dau lenye kiwango na azingatie hilo kabla ya jambo jingine lolote: aangalie ameketi wapi, ahesabu wangapi hawajaamua, na ikiwa karata zake mbili haziwezi kujitetea kwa hesabu, aziache bila majuto.